Kununua ardhi Kenya: wakili aingie lini, na kazi yake ni ipi hasa?

Swali ninaloulizwa sana huja likiwa limechelewa: "Wakili, arubuni nimeshalipa. Sasa nifanye nini?"

Wakili huingia kabla ya arubuni. Wengi hudhani ameajiriwa kuchapa mkataba, lakini mkataba ni kipande kidogo tu. Kazi yenyewe ni kuhakikisha pesa zako haziondoki kabla ya karatasi zinazolingana nazo kupatikana. Ukishalipa, muuzaji hana haraka tena, na maswali yako yote yanageuka kuwa usumbufu kwake.

Je, sheria inakulazimisha kuwa na wakili? Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini hizo zishuhudiwe. Hakisemi uandikwe na wakili. Lakini kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza asiye wakili kuandaa hati za uhamisho kwa malipo, kwa hiyo dalali anayekuuzia "fomu tayari" anavunja sheria. Makubaliano ya kwa chifu hayakufikishi mbali pia. Msajili wa ardhi anataka fomu rasmi ya uhamisho yenye saini zilizothibitishwa, na anayezithibitisha kwa kawaida ni wakili. Kabla ya kumpa kazi, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya uone kama cheti chake cha mwaka huu kipo hai. Ni jambo la dakika mbili.

Sasa upekuzi wa sajili. Hapa ndipo watu hujiona salama mapema mno. Upekuzi rasmi hukuonyesha mmiliki wa leo, ukubwa wa ardhi, na kama kuna rehani, kizuizi au amri ya mahakama. Haukuonyeshi mmiliki huyo aliipataje. Kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilihusu ploti ya ufuoni Nyali iliyogawiwa mara ya kwanza mwaka 1989, kisha ikauzwa na kuuzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alijitetea kwamba alinunua kwa nia njema na alikuwa na hatimiliki mkononi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikataa: ikiwa ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, hatimiliki haiwezi kujitetea yenyewe, na aliyenunua baadaye hapati ulinzi. Ardhi ilikuwa imetengwa kwa matumizi ya umma.

Tangu hapo mwulize wakili wako swali moja: utarudi nyuma hadi wapi? Jibu zuri litataja historia nzima ya sajili, ramani ya upimaji, na, kama ardhi ilitoka serikalini, barua ya ugawaji pamoja na ramani ya mipango ya eneo. Na ukionyeshwa barua ya ugawaji peke yake, jua hujaonyeshwa umiliki. Mwaka huohuo wa 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilisema barua hiyo si hatimiliki.

Upekuzi ufanywe mara mbili: kabla ya kutia saini mkataba, na tena kabla ya kulipa salio. Kati ya mkataba na salio, kwa kawaida siku 90, mtu anaweza kuweka kizuizi au kuchukua mkopo juu ya ardhi ileile. Bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti, hata hivyo, si kazi ya wakili. Hiyo ni ya mpima ardhi mwenye leseni, na umlipe kando. Hatimiliki safi kabisa ya ploti ambayo siyo ile uliyoonyeshwa ni hasara ileile.

Kwa wanunuzi wa Mombasa kuna jambo la ziada. Mitaa ya zamani ina nyumba nyingi zisizo na ardhi: mtu anamiliki jengo, ardhi ni ya mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa kila mwezi. Nyumba kama hizo huuzwa kila siku na si haramu, ila bei yake isiwe ya nyumba na ardhi. Wakili anapaswa kujua nani mwenye ardhi, apate ridhaa yake kwa maandishi, adai risiti za kodi ya kiwanja, na mkataba useme wazi kwamba unanunua jengo tu. Benki nyingi hazitalikubali kama dhamana, na mwenye ardhi akitaka kiwanja chake ndipo utakapojua ulinunua nini.

Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenzi kwa maandishi ni lazima kwa mali ya ndoa. Ikiwa ni ardhi ya marehemu, kuna mtego mwingine. Watoto hukubaliana vizuri, mmoja ana barua ya usimamizi wa mirathi, na mnunuzi huridhika. Haitoshi. Sheria ya Urithi hairuhusu msimamizi kuuza ardhi kabla barua hiyo haijathibitishwa na mahakama. Soma pia cheti cha uthibitisho chenyewe: jina la anayekuuzia liwe ndilo lililopewa kipande hicho.

Shamba la kilimo linahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini mauzo ni batili, hata kama umelipa yote na kupanda minazi. Wewe si raia wa Kenya? Katiba, kifungu cha 65, inakupa lizi (ukodishaji wa ardhi kwa muda maalum) isiyozidi miaka 99, basi.

Pesa zinapitaje? Kwa desturi, asilimia 10 hulipwa mkataba ukitiwa saini na hubaki kwa wakili wa muuzaji kama mshika dau, bila kumpa muuzaji hadi mauzo yakamilike. Hakikisha mkataba unasema hivyo kwa maneno. Salio hulipwa ndani ya siku 90 dhidi ya karatasi: hatimiliki asili, fomu za uhamisho zilizosainiwa, idhini zinazohitajika, vyeti vya kutodaiwa kodi ya ardhi na kaunti na, kwa lizi, na serikali, pamoja na nakala za vitambulisho na namba za mlipa kodi za KRA. Tatizo ni kwamba muuzaji hataki kuachia hati kabla ya pesa, nawe hutaki kuachia pesa kabla ya hati. Mawakili hulitatua kwa ahadi ya kitaalamu: wakili mmoja humwahidi mwenzake kwa maandishi kwamba salio litalipwa usajili ukikamilika. Akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha yeye binafsi. Ndiyo maana sishauri wakili mmoja kwa pande zote mbili, hata kama inapunguza gharama. Hakuna anayeweza kujiahidi mwenyewe.

Gharama: mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, juu ya thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali. Ploti ya milioni 3 mjini ni shilingi 120,000. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakukusaidii, kwa sababu mthamini ana hesabu yake, na mauzo yakivunjika utadai kilichoandikwa. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Akijaribu kukusukumia, bei ishuke. Ada ya wakili ina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, tena ina VAT juu yake. Anayekutoza nusu ya kiwango hicho mwulize ni hatua gani ataruka.

Usajili ukikamilika, usiridhike na nakala ya hatimiliki. Agiza upekuzi mpya wenye jina lako, chukua risiti asili za ushuru wa stempu, kisha nenda kaunti ukabadilishe jina kwenye daftari la kodi ya ardhi. Hatua hii ya mwisho husahaulika sana, na bili huendelea kwenda kwa aliyekuuzia hadi riba ijirundike juu ya ploti ambayo sasa ni yako.