Kwa nini Vitz ya cc 1000 huchoka mlimani, na je, injini ya cc 1500 ndiyo dawa yake?

Mwenye Toyota Vitz ya cc 1000 (cc ni ujazo wa silinda za injini kwa sentimita za ujazo) akilalamika gereji kwamba gari lake halina nguvu, mara nyingi hushauriwa aing'oe injini ile na kufunga ya cc 1500, ambayo hapa Tanzania si adimu hata kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye ist, Probox, Raum na Premio nyingi zinazopita barabarani kila siku. Mimi nilipewa ushauri huo baada ya kupanda mlima wa Kitonga nikielekea Iringa na abiria watatu na mizigo yao, na niliukubali moyoni kabla sijauliza bei. Hesabu yangu ilikuwa fupi: cc 1500 ni mara moja na nusu ya cc 1000, kwa hiyo mlima unaoishinda injini ndogo utapandwa na injini kubwa bila taabu. Nilikuja kugundua kwamba hesabu hiyo ilikosea mahali pa msingi kabisa, yaani pale nilipodhani kwamba mlima uliishinda injini ndogo.

Kwanza tuyatambue magari yenyewe. Vitz ilitoka Japani mwaka 1999, ikauzwa Ulaya kwa jina la Yaris, na ikatangazwa huko kuwa gari bora la mwaka 2000. Kizazi hicho cha kwanza kilikuwa na injini tatu zinazotuhusu: 1SZ-FE ya cc 997 yenye nguvu farasi 70, 2NZ-FE ya cc 1298 yenye nguvu farasi karibu 88, na 1NZ-FE ya cc 1496 yenye karibu 110, iliyofungwa kwenye toleo la RS. Kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2005, kilibadilisha ile ndogo na kuweka 1KR-FE ya silinda tatu, ambayo nguvu yake haitofautiani sana na ya mtangulizi wake.

Chanzo cha kosa langu kimo ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "nguvu" tukimaanisha mambo mawili ambayo kwenye gari hayafanani hata kidogo. Jambo la kwanza ni uwezo wa kusukuma au kuzungusha kitu kizito kwa wakati mmoja, ambao kwa injini huitwa toki na hupimwa kwa niutoni-mita. Jambo la pili ni kiasi cha kazi inayofanyika ndani ya muda fulani, na hicho ndicho kinachopimwa kwa nguvu farasi. Fikiria makuli wawili wanaopandisha magunia ghorofani. Mmoja ana mabavu, hubeba kilo 50 kwa mkupuo, lakini hupanda mara kumi tu kwa saa. Mwenzake ni mwembamba, hubeba kilo 25, lakini hupanda mara ishirini. Jioni shehena zao ni sawa. Ukimpima yule mwembamba kwa mzigo aliobeba safari moja utamwita dhaifu, ilhali ukimpima kwa mzigo uliofika juu hutaona tofauti yoyote. Toki ni uzito wa gunia, mizunguko ya injini kwa dakika ni idadi ya safari, na nguvu farasi ni zao la hivyo viwili.

Mfano huu uko karibu na ukweli kuliko unavyoonekana, kwa sababu nguvu farasi ya kipimo cha metriki inafasiliwa hivyo hivyo: ni kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Sasa tuipeleke fasili hiyo mlimani. Tuseme gari pamoja na abiria wanne na mizigo lina kilo 1,200, na barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari husafiri takriban mita 17 kila sekunde, kwa hiyo kila sekunde hupanda juu kwa mita moja. Kilo 1,200 ukizigawa kwa 75 unapata 16, yaani kupandisha gari lile lote, na watu na mabegi yao, kunahitaji nguvu farasi 16. Ukiongeza upinzani wa hewa, msuguano wa tairi na kinachopotea ndani ya giaboksi, jumla inafika kwenye 25 hivi. Nimetumia mwinuko wa kukadiria, na kona kali zina mwinuko mkubwa zaidi, lakini hapo mwendo nao hupungua, kwa hiyo jumla haibadiliki sana. Nilirudia hesabu hii mara kadhaa kwa sababu sikuiamini: injini yenye nguvu farasi 70 ilikuwa ikihemea mzigo usiofikia nusu ya uwezo wake.

Basi kwa nini huchoka? Jibu ni kwamba zile 70 hazipatikani wakati wote. Ukizidisha toki kwa mizunguko ya dakika kisha ukagawa kwa 7,000, unapata nguvu farasi kwa usahihi wa kutosha. Toki ya juu kabisa ya 1SZ-FE ni niutoni-mita 95, nayo hupatikana kwenye mizunguko 4,000, ambapo nguvu yake inakuwa 54. Kwenye mizunguko 2,000, hata tukiikopesha toki yake yote, haipiti 27. Tena hapo bado tuko Dar es Salaam. Injini huchoma petroli kwa hewa inayoivuta yenyewe, kama jiko la mkaa linavyotegemea upepo wa kipepeo, na Iringa, iliyo karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Zile 27 zinashuka hadi 23, ilhali mlima unadai 25. Gari linaanza kupoteza mwendo, dereva anahisi limezidiwa, na kwa mizunguko ile limezidiwa kweli. Kwenye mizunguko 4,000, hata baada ya kulipa deni la hewa nyepesi, injini ile ile inatoa 46 na inabaki na akiba.

Chombo cha kuifikisha kwenye mizunguko hiyo ni gia, na hapa mfano wa makuli unarudi. Gia nzito inamtaka kuli mwembamba abebe gunia zima la kilo 50 kwa mwendo wa polepole, jambo asiloliweza, lakini gia nyepesi inaligawa gunia mara mbili na kumwacha apande haraka kama alivyoumbwa. Kwenye Vitz ya otomatiki ya gia nne kazi hiyo hufanywa kwa kuzima ovadraivu ili gia ya nne isiingie, na mlima ukiwa mkali zaidi, kwa kushusha mkono wa gia hadi namba 2. Kinachowazuia wengi ni sikio. Vitz nyingi za cc 1000 hazina mshale wa kuonyesha mizunguko, kwa hiyo dereva husikia mlio tu, na lugha yetu inauita mlio huo kilio. Tunasema "injini inalia", tunaihurumia, tunapunguza mafuta, na kwa huruma hiyo tunairudisha kwenye mizunguko ambayo kweli haina uwezo. Kiwanda kilipima zile 70 kwenye mizunguko 6,000. Kwa hiyo injini nzima, yenye oili ya kutosha na rejeta safi, haiteswi na 4,000.

Tuirudie sasa ile ya cc 1500. Toki yake ni karibu 140, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,000 inaweza kufikia nguvu farasi 40, au 34 kwenye hewa ya Iringa, na mlima unaodai 25 inaupanda bila kupandisha sauti. Hii ndiyo sababu aliyepanda Kitonga kwa ist huapa kwamba gari lake lina nguvu, na hakosei. Ila linganisha namba mbili: Vitz ya cc 1000 kwenye mizunguko 4,000 inatoa 46, huku ist iliyoachwa kwenye 2,000 ikitoa 34. Dereva wa Vitz anayejua kushusha gia ana nguvu nyingi zaidi magurudumuni kuliko mwenye ist asiyeshusha. Kwa upande wa mlima, basi, fedha za injini mpya zinanunua utulivu wa sauti, na utulivu una thamani yake kwa mtu anayekwenda Mbeya kila wiki, lakini ni vizuri ajue anachokinunua.

Wala cc peke yake haiamui nguvu. Toyota Prius ya kizazi cha pili, gari linalotumia petroli pamoja na umeme, ina injini iitwayo 1NZ-FXE, ndugu wa damu wa 1NZ-FE, yenye upana uleule wa silinda wa milimita 75 na mwendo uleule wa pistoni wa milimita 84.7, hivyo cc zao ni 1496 zote mbili. Hata hivyo inatoa nguvu farasi zisizofika 80, kwa sababu kiwanda kimechelewesha makusudi kufungwa kwa valvu za kuingiza hewa ili kubana matumizi ya petroli, na mota ya umeme ndiyo inayofidia. Silinda zilezile, cc zilezile, na karibu theluthi ya nguvu imeachwa kwa hiari.

Mahali ambapo injini kubwa ina hoja isiyopingika ni kupita magari mengine. Kwenye barabara tambarare kwa kilomita 80 kwa saa, gari letu la kilo 1,200 linatumia kama nguvu farasi 12 kujitunza kwenye mwendo. Kinachobaki ndicho kinachoongeza kasi. Kwa makadirio yangu, kutoka 80 hadi 110 injini ndogo inahitaji kama sekunde 8, na kubwa kama 5, ingawa giaboksi na hali ya injini vinaweza kuzisogeza namba hizi huku au kule. Sekunde 3 kwa mwendo huo ni mita 80 za barabara ukiwa upande usio wako, na basi linakuja mbele. Anayesafiri mara kwa mara kwenye barabara za njia mbili zenye malori mengi ana sababu nzuri ya kutaka akiba hiyo.

Akiba hiyo inakuja na madai yake. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari linalosimama kutoka 110 linazipasha breki joto karibu mara mbili ya lile linalosimama kutoka 80. Toyota ilipotengeneza RS haikubadilisha injini peke yake, bali ilishughulikia pia springi, shokapu, tairi na breki, na nadhani orodha hiyo inaeleza ukubwa wa kazi vizuri kuliko onyo lolote. Halafu kuna suala la ukoo. 2NZ na 1NZ ni familia moja, zina upana uleule wa silinda, na zinatofautiana hasa kwenye urefu wa mwendo wa pistoni. Mwenye Vitz ya cc 1300 anabadilisha bila kuvuruga mambo mengi. 1SZ na 1KR, zile za cc 1000, ni za familia nyingine, kila moja na yake. Hapo pamoja na injini unahitaji maunti, giaboksi, shafti, waya na kontrolo boksi, vyote vikitoka kwenye gari moja lililokatwa, na gharama inaanza kukaribia tofauti ya bei kati ya gari lako na ist nzima. Kadi ya gari nayo ina namba ya injini na cc zake, kwa hiyo mabadiliko lazima yaandikishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) na bima iarifiwe, kwani ajali ikitokea namba hizo zinaweza kutazamwa.

Kwa hiyo mwenye cc 1300 aliye na breki nzuri na safari ndefu, ningemshauri abadilishe. Mwenye cc 1000 anayehitaji kweli nguvu za kupita malori, ningemshauri auze anunue gari lililozaliwa na injini hiyo. Kabla ya yote mawili, kila mmoja apime mgandamizo wa silinda, atazame chujio la hewa, plagi na chujio la petroli, kwa sababu namba zote nilizozitaja ni za injini nzima, na injini iliyochakaa inaweza kuwa imeshapoteza kimya kimya sehemu ya zile 70.

Vitz yangu ilikutwa na chujio la hewa lililojaa vumbi na plagi zilizolika. Nilivibadilisha, nikarudi Kitonga nikiwa na abiria watatu kama mara ya kwanza, nikashusha mkono wa gia hadi namba 2 mwanzoni mwa mwinuko na kuiacha injini ilie. Mshale wa mwendo ulikaa kwenye 60 hadi tulipolikuta lori, na sikuwa na sababu ya kuugusa mkono wa gia mpaka tulipofika juu.