Vitafunio vya kabla ya pilau ya Idi: yasemwayo na yalivyo

Pilau ya mchana wa Idi ni kazi iliyoanza usiku. Nyama imechemshwa, vitunguu vimekaangwa hadi vikawa kahawia, bizari nyembamba, iliki na pilipili manga vimetwangwa. Ndiyo maana inauma sinia linaporudi jikoni limeguswa pembeni tu, na wageni wanasema wameshiba sambusa. Kitafunio cha kabla ya chakula kikuu kina kazi mbili: kumtuliza aliyefika mapema na njaa yake, na kumwachia nafasi ya kula. Mengi yanayoaminiwa kuhusu vitafunio hivi, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, huharibu kazi hizo mbili. Wanaopika pilau ya Krismasi nao hukutana na mambo yaleyale.

"Meza isipojaa, wageni watasema umewanyima"

Mgeni hupimia ukarimu kwenye sinia la pilau. Vitafunio vikijaa meza tangu mwanzo, watu hula kwa macho. Shibe haimfikii mtu papo hapo. Mwili huchukua kama dakika 20 kuipata habari yake. Aliyekula sambusa tano ndani ya dakika 10 atajisikia mzito wakati uleule pilau inapotua mbele yake.

Hesabu inayofaa ni vipande 2 hadi 3 vya kukaanga kwa mtu mzima, na 1 au 2 kwa mtoto. Ukiwa na watu wazima 12 na watoto 4, vipande 36 hadi 40 vinatosha kabisa. Visiwe vyote vya mafuta. Aina mbili za kukaanga, kwa mfano sambusa na katlesi, zikae pamoja na aina mbili zisizopita kwenye karai: vipande vya tango na karoti vilivyokamuliwa ndimu, embe mbichi yenye chumvi na pilipili ya unga, au tikiti maji lililopoa. Toa sahani ndogo, ikiisha jaza tena, mara tatu. Kila anayenyoosha mkono atakuta kitu cha moto, na hakuna atakayeona sahani tupu.

"Sambusa zimejaa mafuta kwa sababu moto ulikuwa mkali"

Ni kinyume chake. Mafuta yakiwa na joto la kutosha, maji yaliyomo kwenye sambusa hugeuka mvuke na kusukuma kwenda nje; yale mapovu unayoyaona ni mvuke huo, na ndio unaoyazuia mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa ya vuguvugu, mvuke ni dhaifu, manda, yaani lile ganda jembamba la unga, hukaa muda mrefu bila kukauka, na mafuta huingia polepole.

Joto la sambusa ni kati ya nyuzi 165 na 175 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande kidogo cha manda. Kikizama kikakaa chini, mafuta bado. Kikizama kidogo kisha kikapanda baada ya sekunde 3 au 4 na mapovu madogomadogo pembeni, anza kukaanga. Kikigeuka kahawia kabla hujahesabu hadi 10, punguza moto, maana nje itaungua huku kona zilizokunjwa tabaka tatu zikibaki na unga mbichi.

Yapo makosa mawili yanayowapata hata wazoefu. La kwanza ni kujaza karai. Sambusa 12 za baridi zikiingia pamoja kwenye lita moja ya mafuta, joto linaporomoka; weka 5 au 6. La pili hutokea baada ya kuopoa. Sehemu kubwa ya mafuta huingia sambusa inapopoa, mvuke ukishaacha kusukuma na mafuta yaliyobaki juu ya manda kuanza kunyonywa ndani. Kwa hiyo ziopoe kwa kijiko cha matundu, zitikise juu ya karai, zisimamishe kwenye chekeche au chujio huku ncha zikitazama chini. Ukizirundika kwenye bakuli lililotandikwa karatasi, za chini huogelea kwenye mafuta ya za juu.

"Zikipasuka, manda ni mbovu"

Mara nyingi manda husingiziwa. Kosa liko kwenye nyama yenye maji. Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga, inayotoa sambusa ndogo 25 hivi, weka kijiko kimoja cha chai cha kitunguu thomu kilichotwangwa, kimoja cha tangawizi, chumvi, na maji ya nusu ndimu. Pika bila kufunika, ukivunjavunja mabonge, mpaka maji yote yakauke na usikie sauti ya sufuria ikibadilika kutoka kutokota kwenda kukaanga. Sauti hiyo ndiyo ishara. Ipua, tandaza kwenye sinia, acha ipoe kabisa.

Vitunguu maji huingia mwisho, vimekatwa vidogo sana, nyama ikiwa imepoa. Ukivichanganya na nyama ya moto vinatoa maji, na ukiviacha na chumvi kwa saa nzima vinatoa maji pia. Changanya, kunja papo hapo. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha kwa kila manda. Gundi ya unga wa ngano na maji iwe nzito kama uji mzito, na ipakwe hadi kwenye ncha, kwa sababu tundu dogo la kona ndilo linaloingiza mafuta. Wakati unakunja, funika manda zilizobaki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, la sivyo zinakauka na kukatika kwenye mkunjo.

Sambusa zilizogandishwa kwenye friza zikaangwe zikiwa zimeganda hivyohivyo. Ukiziyeyusha kwanza, maji hulainisha manda na zinashikana. Futa barafu iliyo juu isije ikarusha mafuta, anza na moto mdogo kidogo, ongeza dakika 2.

"Anayechagua chakula anadeka"

Kila ukoo una mjomba asiyekula kitunguu, wifi anayekimbia mafuta, mtoto anayekula mkate mtupu na bibi anayesukuma sahani pembeni kimyakimya. Kuwachukulia wote kama watu wanaoringa ni kuwaonea, na pia ni kujikosesha suluhisho, kwa sababu kila mmoja ana sababu yake.

Bibi huenda meno yanamkataza. Sambusa iliyokauka vizuri ni ngumu kwake. Katlesi ni laini. Chemsha kilo moja ya viazi na maganda yake ili visinywe maji, menya vikiwa moto, ponda, kisha vitandaze dakika 15 mvuke utoke. Changanya na robo kilo ya nyama ya kusaga iliyokaushwa, finyanga 20 hadi 24, chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga dakika 2 kila upande. Katlesi huvunjika karaini viazi vikiwa na maji, au zikigeuzwa kabla yai halijashika.

Mwingine anayesema kotmiri, yaani majani ya giligilani, ina ladha ya sabuni anasema kweli. Baadhi ya watu wamezaliwa na hisia kali ya harufu iliyomo kwenye majani hayo, na jambo hilo limehusishwa na urithi wa vinasaba. Hatapona kwa kuambiwa aonje tena.

Mtoto ni tofauti, yeye hubadilika. Huenda akahitaji kukiona na kukionja chakula kipya mara 8 hadi 15, pengine zaidi, kabla hajakikubali, na kumlazimisha siku ya Idi mbele ya ndugu kunazidisha ukaidi. Mwekee kipande kidogo kando ya kitu anachokijua, usiseme neno.

Wa kuulizwa mapema ni mwenye mzio. Karanga, korosho, kamba, samaki na mayai vinaweza kumdhuru mtu kwa kiasi kidogo sana, na kupika hakuondoi hatari. Mafuta yaliyokaanga kamba yasitumike kukaanga sambusa zake, na chatne yenye karanga iwe na kijiko chake peke yake. Yeye haingii katika hesabu ya wachaguzi hata kidogo.

Kwa waliobaki, tiba ni kutenganisha. Kitafunio kitiwe chumvi, ndimu, thomu na tangawizi tu, na sambusa za asiyekula kitunguu zikunjwe kabla vitunguu maji havijaingia. Vitunguu vya kachumbari, kotmiri, pilipili, chatne ya ukwaju na chatne ya nazi vikae kwenye vibakuli pembeni, kila mtu ajichotee. Umbo nalo liwe alama: sambusa za nyama zikunjwe pembetatu, za viazi au dengu zikunjwe kama vijiti. Asiyekula nyama hatalazimika kuuliza kwa sauti au kupasua sambusa tatu kutafuta ya kwake, na shangazi hatapata nafasi ya kumtania.

"Viungo vya pilau vikiingia kwenye sambusa ndipo sherehe inakuwa kamili"

Mdalasini, karafuu na bizari nyembamba viachie pilau. Pua ikishazoea harufu hizo kwa nusu saa, sufuria itakapofunuliwa hakuna atakayeshtuka kwa manukato. Kwenye vitafunio tafuta uchachu: ndimu, ukwaju, embe mbichi. Uchachu huleta mate, na mate huleta hamu ya kula.

Pilipili nayo inasemwa hutulizwa na maji. Kiungo chake kikali, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo maji hukisambaza mdomoni tu. Maziwa na mtindi husaidia, protini yake hukishika na kukiondoa ulimini. Bakuli la mtindi uliochanganywa na tango lililokunwa na kukamuliwa liwepo mezani, hasa kwa ajili ya watoto.

"Mishkaki ilale na papai bichi usiku kucha"

Ikilala hivyo itaamka uji. Kimeng'enya cha papai bichi hukata nyuzi za nyama na hakijui pa kuishia. Kijiko kimoja cha chakula cha papai lililosagwa kwa kilo moja ya nyama, saa 1 hadi 2 tu, kisha motoni. Ndimu, thomu na tangawizi vinaweza kutangulia usiku, papai ndilo lisubiri. Kata vipande vya sentimita 2, vitatu kwa kijiti, na vijiti viloweshwe nusu saa visiungue.

"Bajia za kunde hazifuri bila hamira au unga wa kuumulia"

Hufurishwa na hewa. Loweka kunde saa 4 hadi 6, fikicha maganda yaelee, yamwage, rudia mpaka zibaki nyeupe. Saga na maji kidogo kabisa, kiasi cha kuzungusha mashine tu. Kisha piga rojo kwa mwiko au mkono, upande mmoja, dakika 5 hadi 7, mpaka libadilike rangi na kuwa jeupe zaidi. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji, likielea, tayari. Chumvi na vitunguu viingie dakika ya mwisho, kwa sababu rojo likilegea kwa maji ya vitunguu, bajia hutandaa bapa na kunywa mafuta.

"Juisi haijazi tumbo"

Glasi kubwa ya juisi nzito ya embe au parachichi yenye sukari ni mlo mdogo. Toa glasi za mililita 150. Juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi inafaa zaidi, na maji baridi yawepo kwa anayejizuia sukari. Tende mbili tatu zinatosha kwa mtu. Siku ya Idi el-Fitri wengi wameshakula tende kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, kabla ya kwenda kuswali, basi zisirudiwe kwa sinia zima.

"Kaanga zote asubuhi, funika, zitakaa moto"

Mfuniko wa sufuria hufungia mvuke, na mvuke huilainisha manda ndani ya dakika chache. Kawa la ukili, kile kifuniko cha kusukwa, ni bora kwa kuzuia nzi, kwa kuwa linapumua. Mwenye oveni aziweke kwenye waya kwa nyuzi 100 hadi 120, mlango ukiachwa wazi kidogo.

La hatari zaidi ni usalama. Vitafunio vya nyama, mayai au maziwa visikae mezani zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, jambo la kawaida pwani, visizidi saa 1. Chatne ya nazi huchacha upesi pia. Itoke kwenye friji kidogokidogo.

Saa ya kukaangia ipimwe kwa pilau yenyewe. Kama chakula ni saa 8 mchana, mchele ukiingia kwenye supu mnamo saa 7 na robo, karai nalo liwekwe motoni, sahani ya kwanza itoke. Maji yakikauka na makaa yakipaliwa juu ya mfuniko, zimebaki dakika 25 hadi 30; hapo ndipo itoke sahani ya mwisho. Makaa yakiondolewa, vibakuli vya chatne vibaki mezani, sahani za sambusa zirudi jikoni hata kama zimesalia mbili.