Kununua mtandaoni jimbo jingine hakufuti kodi

Ukikaa Marekani hukosi kuambiwa: agiza mtandaoni kwa muuzaji wa jimbo jingine, hakuna kodi. Si kweli. Anayekosekana ni wa kukukata kodi hiyo unaponunua tu. Kodi ipo palepale. Majimbo yanayotoza kodi ya mauzo yana pacha wake, kodi ya matumizi, na hii humdai mnunuzi mwenyewe.

Tuseme unaishi California, umeagiza meza ya dola 800 kwa fundi mdogo wa Oregon, jimbo lisilo na kodi ya mauzo. Risiti ni safi. Meza ikishafika kwako, California inakudai angalau asilimia 7.25, yaani dola 58, na fomu ya kodi ya mapato ya jimbo ina mstari wake wa kujaza. Wengi huuruka, baadhi bila hata kujua upo.

Uvumi huu una chanzo. Mwaka 1992, katika kesi ya kampuni ya Quill, iliyouza kwa njia ya posta, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji asiye na duka wala wafanyakazi humo kukusanya kodi. Mwaka 2018, kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya Wayfair, duka la mtandaoni, ilitengua hilo, ndiyo maana maduka makubwa sasa hukukata papo hapo. Waliobaki nje ni wauzaji wadogo, wasiofikia kiwango cha mauzo kilichowekwa na jimbo.