Pointi 17 si sawa na pointi 17

Mzee mmoja alinisimamisha juzi hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Mkononi alikuwa na simu yenye picha ya matokeo ya UACE, mtihani wetu wa kidato cha sita. "Mwalimu, niambie ukweli. Kijana wangu ana pointi 17. Binti wa jirani ana pointi 17. Wote walifanya BCM na ICT. Yule kapewa udaktari kwa udhamini wa serikali, wangu kaachwa. Nani kala pesa?" (BCM ni Biolojia, Kemia na Hisabati; ICT ni somo la kompyuta.)

Nimeshughulikia uchaguzi wa kozi shuleni kwa miaka mingi, na swali hili hunifikia kila msimu wa matokeo. Msimu huu limenichosha. Hongo zipo nchini, sikatai, lakini hapa mzee anamtafuta mwizi mahali ambapo hakuna kilichoibwa, na wakati huo siku za kuomba kozi nyingine zinapita.

Nikamwambia alete karatasi zote mbili. Binti: Biolojia A, Kemia A, Hisabati D. Kijana: Biolojia C, Kemia B, Hisabati A. A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3. (Msomaji wa Tanzania, huku kwetu A ndiyo yenye pointi nyingi, usihesabu kwa divisheni.) Kila mmoja ana 15, na GP (somo la maarifa ya jumla) na ICT zinawaongezea moja moja. Zinakuwa 17. Hadi hapo mzee yuko sahihi.

Kosa linaanzia kwenye kudhani kwamba chuo kinaangalia hiyo 17. Hapa sokoni mnunuzi wa mahindi hatoi pesa kwa kuhesabu magunia, anayapandisha kwenye mizani. Pointi ni magunia. Chuo kikuu cha umma kinapima uzito, na kila kozi ina mizani yake. Masomo mawili ambayo kozi imeyaweka mbele huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusika huzidishwa kwa 2, na sabu, yaani masomo madogo kama GP na ICT, hubaki na 1. Kwa udaktari wa binadamu yanayozidishwa kwa 3 ni Biolojia na Kemia. Hisabati inakaa kwenye 2.

Tukapiga hesabu pale pale, kwenye boneti ya gari la mtu. Binti: 18 na 18 na 6, ongeza 2 za sabu, 44. Kijana: 12 na 15 na 12, ongeza 2, 41. A yake ya Hisabati, ambayo mzee alikuwa akiisifu tangu tulipoanza, iliangukia mahali penye uzito mdogo.

Kisha kuna matokeo ya S.4, kidato cha nne, ambayo watu huyatupa wakishafika S.5. Kila distinkshoni ya UCE, mtihani wa S.4, ilibeba 0.3, krediti 0.2, pasi 0.1. Binti alikuwa na distinkshoni nane na krediti mbili: 2.8. Kijana alikuwa na distinkshoni tatu, krediti tano na pasi mbili: 2.1. Kwenye kozi zinazogombaniwa watu hutenganishwa na desimali moja, kwa hiyo huo si upungufu wa kupuuzwa.

Mzee akanyamaza kidogo, halafu akapata upenyo mwingine. "Basi ni ile 1.5 ya wasichana."

Hili nalo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia. Tangu 1990 msichana anayeomba chuo kikuu cha umma huongezewa 1.5. Mwondolee binti huyu hiyo 1.5 yote. Anabaki na 46.8. Kijana ana 43.1. Kwenye udaktari hakubebwa na mtu, alifaulu Biolojia na Kemia.

Lakini sitaki kumficha mzee upande wa pili. Chukua kozi inayoweka Kemia na Hisabati mbele. Hapo mizani inageuka: kijana anapata 43 na binti 41. Ongeza S.4, kijana 45.1, binti 43.8. Sasa mpe binti 1.5 yake, anafika 45.3 na kumpita. Hapo nyongeza ndiyo iliyoamua, na mzazi wa kijana ana haki ya kuumia. Mimi naiunga mkono, kwa sababu nimewafundisha wasichana waliokuwa wakichota maji na kupika kabla ya kugusa daftari. Linalonisumbua ni kwamba msichana huyo anapata 1.5 ile ile anayopata msichana wa shule ya bweni ya gharama kubwa Kampala. Kipimo hakiwatofautishi, na sijawahi kupata jibu la kumpa mzazi wa kijana maskini anapoliuliza hilo.

Kuhusu kikomo cha kozi nitasema kwa ukali. Wazazi wanakuja na gazeti la mwaka jana na kuniambia, "Kikomo ni hiki, mtoto amekipita, kwa nini wamemnyima?" Hakuna aliyekaa mezani akakipanga kikomo. Waombaji hupangwa kutoka uzito mkubwa kwenda chini, nafasi zinajazwa, na uzito wa mtu wa mwisho kuingia ndio tunaouita kikomo. Ni unyayo wa huyo wa mwisho. Mwaka huu foleni ni nyingine, na unyayo utakuwa mahali pengine. Gazeti la mwaka jana linakuonyesha walipoishia wenzako, halikuahidi kitu.

Na nafasi zenyewe ni chache. Udhamini wa serikali ni kama nafasi 4,000 kwa mwaka, nchi nzima. Robo tatu hivi huenda kwa uzito wa kitaifa, zilizobaki kwa mgawo wa wilaya, wenye ulemavu na wanamichezo. Aliyekosa kitaifa anaweza kupata kupitia wilaya yake, kwa hiyo mzee asifunge faili bado. Prinsipo mbili (kufaulu masomo makuu mawili ya UACE) na pasi tano za UCE zinatosha kuingia digrii kwa kujilipia, lakini kuhusu ada sina la kumfariji.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kinakuja. Waliofanya UCE mwaka 2024 ndio wa kwanza wa mtaala mpya: herufi A hadi E, na asilimia 20 ya alama inatoka kwa mwalimu wao mwenyewe shuleni. Ngazi ya 0.3, 0.2 na 0.1 ilijengwa juu ya distinkshoni na krediti. Shule yenye maabara na shule yenye darasa la watoto mia moja hazitoi hiyo asilimia 20 kwa mkono mmoja, na sioni desimali itakayolirekebisha hilo.

Mzee ana binti mdogo, yuko S.4. Anaipenda Hisabati kama kaka yake, na nyumbani wameshaamua atafanya BCM awe daktari. Nimemwomba aje naye Jumamosi kabla hawajaandika kombi yoyote, yaani mchanganyiko wa masomo ya S.5, na alete ripoti zake somo kwa somo. Jumla aiache nyumbani.