Mwacheni Mzee Asimame Mwenyewe

Mzee akianguka kwenye makao ya wazee, swali la kwanza ni lile lile: nani kamwaga maji? Wasimamizi hukagua sakafu, jamaa hukagua ndara, na mwisho lawama humwangukia dada aliyepiga deki. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Mombasa, na wengi ninaowahudumia ni wazee wanaoishi kwenye makao. Sakafu ya tarazo iliyoloa si ya kupuuzwa, hasa mlangoni mwa choo na pale wanapotawadhia. Lakini sidhani kama ndiyo mkosaji mkubwa.

Kuna utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2013 ambao ningependa kila msimamizi aujue. Watafiti walitegesha kamera kwenye kumbi, vyumba vya kulia na ushoroba wa makao mawili, wakatazama jinsi wazee walivyoanguka mara 227. Asilimia 41 ilitokana na kuhamisha uzito wa mwili vibaya: mtu kageuka, kainama, au kajitupa kitini kabla hajakifikia. Kujikwaa kulikuwa asilimia 21. Kuteleza, asilimia 3. Vyooni hakukuwa na kamera, kwa hivyo utelezi wa bafuni haumo kwenye hesabu hiyo, nao upo. Hata hivyo yanayoonekana ni kwamba wazee wengi huanguka pakavu, mchana kweupe, wakifanya jambo dogo tu kama kugeuka kuitika salamu.

Sasa, ili uzito uhame kutoka mguu huu hadi ule bila mtu kupepesuka, mapaja na makalio lazima yawe na nguvu, na vifundo vya miguu viitike haraka. Nguvu hizo hupotea upesi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Walipoinuka, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Na hao walikuwa wazima. Fikiria basi mzee mwenye sukari na presha, anayetolewa chumbani asubuhi, akaketishwa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, akaletewa chai na mahamri hapo hapo, maji ya kunawa hapo hapo, chakula cha mchana hapo hapo, mpaka magharibi anaporudishwa kulala.

Tumelelewa hivyo, na ni malezi mazuri: mtu mzima hatumwi, huletewa. Mhudumu akimwona bibi anahangaika kuinuka, humkimbilia, akampitisha mkono kwapani. "Pole bibi, twende," na bibi keshasimama. Anafanya kwa mapenzi kabisa. Ila kila anapomwinua hivyo, anamnyang'anya zoezi ambalo miguu yake ilikuwa ikilihitaji, na bega la mtu mzima nalo halipendi kuvutwa kwapani.

Kuinuka kitini ndilo zoezi ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Halitaki kifaa, ila linataka kiti cha maana. Kiti cha plastiki hurudi nyuma kwenye vigae mzee anapojisukuma, kwa hivyo kiegemezeni ukutani, au tafuteni cha mbao chenye mikono. Mzee asogee mpaka ukingoni. Hapo ndipo wengi hukosea: wanajaribu kuinuka wakiwa wameegemea nyuma, miguu imenyooshwa mbele kama mtu anayepunga upepo kule Mama Ngina, ufukweni. Miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, nyayo zikae chini zote. Kisha kifua kiende mbele mpaka pua ikaribie kuvipita vidole vya miguu, ndipo asukume ardhi. Mhudumu asimame ubavuni, tayari, mikono akae nayo mwenyewe bila kumshika. Maneno yanatosha: "Mbele bibi, mbele zaidi, haya simama."

Kuketi nako ni nusu ya zoezi, na pengine nusu iliyo bora. Mzee ahisi kiti kwa nyuma ya miguu yote miwili, kisha ashuke polepole akihesabu mpaka tano. Anayejibwaga kitini leo, kesho atajibwaga pasipo na kiti.

Akishindwa kabisa, ongezeni mto juu ya kiti ili kimo kiongezeke. Akiweza kwa wepesi, ondoeni mto. Akizoea, aache kushika mikono ya kiti. Kisha arudie mara nyingi zaidi, au avae mzigo mdogo wa mchanga kifundoni kwa mazoezi mengine ya mguu. Zoezi lisiloongezeka uzito halijengi kitu, na hapa ndipo ninapogombana na vipindi vingi vya mazoezi nilivyoviona: wazee wameketi duara, muziki unapigwa, mikono inapungwa juu na chini, watu wanapigwa picha. Ni burudani nzuri, na sitaki ikomeshwe. Lakini haimzuii mtu kuanguka, kwa sababu hakuna aliyesimama.

Ushahidi wenyewe umechanganyika. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuweza kusema kwa uhakika kwamba mazoezi kwenye makao yanapunguza kuanguka. Mwaka huo huo ukatoka utafiti wa Australia, wazee 221 katika makao 16: waliofanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, mzigo ukiongezwa hatua kwa hatua, walianguka pungufu kwa asilimia 55 wakilinganishwa na wenzao. Maoni yangu ni kwamba neno mazoezi hubeba mambo mengi mno, na ukichanganya ya kupunga mikono na ya kusimamia mguu mmoja, matokeo hayawezi kuwa safi. Jambo moja sina shaka nalo: faida huisha mazoezi yakiisha. Mfadhili akileta mkufunzi wa miezi mitatu kisha akaondoka, baada ya muda miguu hurudi pale ilipokuwa.

Upande wa kusimama imara, tafuteni mahali pa kushika pasipotikisika, kama ukingo wa sinki au nondo za dirisha. Miguu pamoja, kisha kisigino cha huu kando ya vidole vya ule, kisha mmoja mbele ya mwingine, kisha mguu mmoja. Vidole vya mkono vipungue mpaka kibaki kimoja kinachogusa tu. Wanaume wengi watakwambia hawana haja na michezo ya watoto. Kwao huwa natumia bao. Liwekeni juu ya meza ndefu, kiti kiondolewe, kila mchezaji ashike ukingo kwa mkono mmoja na kusambaza kete kwa mwingine. Kufikia shimo la mwisho upande wa pili lazima uzito uhame. Namu, yaani kete za mkononi, zikiisha watu wamesimama dakika nyingi, wamebishana, na hakuna aliyekumbuka goti.

Wengine huniambia, "Mwanangu, mimi naswali mara tano, zoezi langu nimelipata." Na kweli, mwenye kurukuu na kusujudu kisha akainuka bila kushika kitu ana miguu mizuri. Taabu ni kwamba wengi wa wazee hawa sasa wanaswalia kitini. Hukumu ya hilo namwachia shekhe. Ninachosema mimi ni cha miguu tu, kwamba kuinuka kulikoondoka kwenye swala kurudishwe wakati mwingine wa siku.

Kutembezwa peke yake hakutoshi. Mzee dhaifu anayetembezwa bila kwanza kuimarishwa anapata nafasi zaidi za kuanguka, basi.

Kabla ya kuanza, mpimeni presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika tatu. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, kizunguzungu chake kina maelezo, na daktari anapaswa kuziangalia dawa zake, hasa za presha na za usingizi. Mwenye sukari akaguliwe nyayo. Wengine hawahisi sakafu kabisa, na hao wafanye mazoezi na viatu vilivyofungwa nyuma, wala si ndara. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kichwa kuzunguka, simamisheni. Mwenye kusahau sana afanye vile vile, ila mmoja mmoja na mhudumu anayemjua.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu Ramadhani. Kwa anayefunga, saa za alasiri za joto la kaskazi zinaposadifiana na mfungo si za mazoezi kabisa. Afanye baada ya futari, akishakunywa maji ya kutosha, kama saa moja hivi baadaye; na akiwa anakwenda tarawehe kwa miguu yake, siku hiyo punguzeni idadi.