Kufuli ya meza inayoteleza kwenye milingi ndogo: dhana potofu na ukweli

"Kaza zaidi." Mwenye mashine ndogo ya milingi ya nyumbani (ile ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka), kama Sieg X2, akisema meza inayoshika kazi inasogea ilhali ameifunga, jibu huwa hilo. Ni ushauri mbaya.

Kufuli ya mashine hizi ni skrubu tu inayosukuma gibu, yaani ule ukanda mwembamba wa chuma kati ya meza na njia yake, yaani reli inamotelezea. Gibu imeinama kufuata mshazari wa njia, lakini skrubu inaingia kwa mlalo. Kishimo cha gibu kisipochimbwa kwa mlalo huohuo, au ncha ya skrubu ikiwa na vinyweleo vya chuma vya kiwandani, zinagusana kwa ukingo mmoja. Nguvu ya mkono huishia kutoboa gibu na kuipindisha. Ukichomeka bomba ili kurefusha mpini wa kufuli, utavua hesi, yaani meno ya skrubu. Afadhali uitoe skrubu, usawazishe ncha kwa tupa, kisha utangulize kipande kifupi cha brasi ndani ya tundu. Brasi ni laini, hukaa sawasawa juu ya gibu bila kuitoboa.

Hapo huzuka dhana nyingine: eti kipande kikiwa kipana zaidi kitashika zaidi. Msuguano hufuata nguvu ya mkandamizo na hali ya nyuso. Ukubwa wa eneo hauongezi kitu cha maana. Upana unailinda gibu, basi.

Wengine hukaza skrubu zote za kurekebishia gibu. Hizo ni za kuondoa mwachano, yaani ulegevu kati ya gibu na njia, meza inapotembea. Ukizizidisha, meza itakwenda kwa kushtukashtuka na njia zitalika.

Na kufuli haitibu kisu kinachonyakua meza pale unapochonga kuelekea upande kinakozungukia. Mhimili unaosogezwa, yaani mwelekeo ambao meza inapelekwa wakati wa kuchonga, haufungiki. Tatizo liko kwenye pleyi, yaani ulegevu, kati ya skrubu kubwa inayosogeza meza na nati yake. Funga mihimili mingine, punguza kina cha kuchonga.

Kabla ya kununua chochote, weka saa ya kupimia dhidi ya meza, kisha funga kufuli. Mshale ukihama hata kabla ya kuchonga, huenda gibu yenyewe inatembea ndani ya nafasi yake. Itie pini isiende kwa urefu, ndipo uhangaike na brasi.