Mwizi wa Kadi Haangalii Ukubwa wa Shirika: Dhana Potofu Kuhusu Michango ya Mtandaoni

Wiki iliyopita nilisikia tena kauli ambayo nimeshaisikia katika karibu kila shirika lisilo la faida nililolifungia mfumo wa kupokea michango: "Sisi ni wadogo, tena tunahudumia yatima. Nani atahangaika kutuibia?" Kwa kuwa nimechoka kuijibu kwa simu, kila mara baada ya madhara kutokea, nimeamua kuijibu kwa maandishi na kuzigusia dhana nyingine zinazofuatana nayo.

Dhana: Shirika dogo halina cha kuibiwa.

Mwizi hafuati fedha za shirika. Anafuata fomu yake. Mtu aliyenunua orodha ya namba za kadi zilizoibwa hajui zipi bado zinafanya kazi na zipi zimeshafungwa na benki. Kabla ya kuzitumia kununulia vitu vya thamani, au kuziuza kwa wezi wenzake kwa bei ya juu zaidi, anahitaji mahali pa kuzijaribu moja moja bila kuwashtua wenye kadi. Duka la mtandaoni humchosha, kwa maana linamtaka achague bidhaa, atoe anwani ya kupelekewa mzigo, na mara nyingi afungue akaunti kwanza. Fomu ya mchango haina lolote kati ya hayo. Kiasi anakitaja mwenyewe, hata kiwe dola moja, hakuna mzigo wa kupelekwa popote, na sisi wenyewe, kwa nia njema ya kumrahisishia mchangiaji, tumeshaondoa kila swali ambalo lingemchelewesha. Urahisi uleule tunaomjengea mkarimu ndio unaomvutia mwizi, na programu yake inayozunguka kwenye intaneti ikitafuta fomu za namna hiyo haina habari kwamba ofisi yenu ina wafanyakazi watatu.

Mhasibu wa shirika moja alinipigia asubuhi akiwa na furaha isiyo kifani, akaniambia kwamba usiku mmoja tu umewaletea mamia ya wachangiaji wapya. Nilipofungua orodha ya miamala nilikuta kila mchango ni wa dola moja, umeachana na uliotangulia kwa sekunde chache, na majina ya wachangiaji ni herufi zilizorundikwa bila mpangilio. Kwa kila muamala mmoja uliokubaliwa, kulikuwa na mingi iliyokataliwa kabla yake. Safu hiyo ya iliyokataliwa ndiyo inayosema ukweli, na hakuna mtu ofisini aliyekuwa ameitazama, kwa sababu ripoti waliyoandaliwa ilionyesha michango iliyofanikiwa peke yake. Kumweleza mama yule kwamba wachangiaji wake hawapo lilikuwa jambo zito kwangu, na sijalizoea hadi leo.

Hasara haiishii kwenye zile dola moja moja. Mwenye kadi akiona kato asilolitambua hulalamika kwa benki yake, na benki huzirudisha fedha hizo kutoka kwa shirika bila kuomba ruhusa. Chini ya kanuni za Visa na Mastercard, madai mengi ya aina hii yanaweza kufunguliwa hadi siku 120, kwa hiyo mchango ulioingia usiku mmoja unaweza kudaiwa miezi minne baadaye, wakati umeshaingizwa kwenye taarifa ya fedha na pengine umeshatumika. Kwa kila dai mchakataji wa malipo, yaani kampuni inayowapitishia malipo ya kadi, kwa kawaida hutoza ada yake, ambayo huuzidi mara nyingi mchango wa dola moja. Kibaya zaidi, mitandao ya kadi hupima uwiano wa madai na miamala ya ulaghai dhidi ya miamala yote, na shirika lenye miamala halali michache ndilo ambalo uwiano wake huharibika upesi zaidi. Mchakataji akishtuka anaweza kuzuia fedha zote zilizomo, pamoja na za wachangiaji wa kweli, au kuifunga akaunti katikati ya kampeni. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba udogo ni kinga. Shirika kubwa hujeruhiwa na jambo hili, lakini dogo linaweza kukwama kabisa.

Dawa yake inajulikana. Wekeni kiwango cha chini cha mchango. Mimi husisitiza dola 5, na wanaoniambia kwamba nawafukuza maskini huwajibu kwamba mchango mdogo kuliko huo unaweza kupokewa kwa njia nyingine isiyo ya kadi. Fomu idai tarakimu za siri zilizo nyuma ya kadi, iwekeeni kikomo cha majaribio kutoka kifaa kimoja, ongezeni jaribio la kuthibitisha kwamba anayejaza ni binadamu, na mwulizeni mchakataji namna ya kuwasha 3-D Secure, yaani hatua ambapo benki humtaka mwenye kadi athibitishe malipo, kwa miamala yenye mashaka. Kabla ya hayo yote, zifuteni fomu za kampeni zilizokwisha. Nimekuta fomu ya maafa ya miaka mitatu nyuma ikiwa bado hai, haina kiungo chochote kwenye tovuti, haina mtu anayeikumbuka, na ndiyo hiyo mwizi aliyoipata.

Kama mashambulizi yameshatokea, rudisheni michango yote yenye dalili hizo siku hiyohiyo, hata kama mchakataji habatilishi makato yake. Bodi nyingi hugoma hapa, zikisema fedha zimeshaingia na hakuna aliyelalamika. Wenye kadi hawajalalamika kwa sababu hawajasoma taarifa zao za benki, na wakishazisoma ndipo dai na ada yake vitakapofika kwa pamoja.

Kuna ndugu wa ulaghai huu ambaye huja peke yake. Mgeni huchangia kiasi kikubwa kwa kadi ya wizi, kisha huandika kwa upole kwamba alikosea akaongeza sifuri moja, na anaomba tofauti irudishwe kwenye akaunti nyingine ya benki. Fedha za kadi hurudishwa kwenye kadi ileile, kupitia mfumo uleule, na hakuna hadithi ya kusikitisha inayobadilisha utaratibu huo.

Dhana: Ipo huduma isiyo na makato kabisa.

Haipo, yupo tu mtu mwingine anayelipa. Katika kila muamala wa kadi, benki iliyotoa kadi, mtandao wa kadi na mchakataji wote huchukua sehemu yao. Jukwaa linalojiita la bure ama humwomba mchangiaji aliongezee kitu juu ya mchango wake, ama hulipwa na shirika kwa ada ya mwezi. Badala ya kukimbizana na neno "bure", zitazameni zile senti zisizobadilika, zinazokatwa hata mchango uwe mdogo kiasi gani. Chukueni kiwango cha asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala: mchango wa dola 100 hukatwa dola 3.20, lakini wa dola 3 hukatwa karibu senti 39, yaani takriban asilimia 13. Mtu anayetoa dola 3 kila mwezi hupoteza zaidi ya dola 4.60 kwa mwaka, ilhali angetoa dola 36 kwa mkupuo angekatwa kama dola 1.34. Wapeni wachangiaji wadogo chaguo la kulipa kila robo mwaka, na wengi wataelewa mkiwaonyesha hesabu hiyo.

Dhana: Alama ya kufuli kwenye kivinjari imetumalizia kazi ya usalama.

Kufuli hulinda taarifa zikiwa njiani tu. Kiwango cha PCI DSS, yaani masharti ya kimataifa ya kulinda taarifa za kadi, kinamhusu kila anayepokea kadi, na kinakataza kuhifadhi tarakimu za siri baada ya muamala kuidhinishwa, hata zikiwa zimefichwa kwa msimbo. Kwa hiyo ile tabia ya kumwambia mchangiaji aliyeshindwa na fomu atume picha ya kadi yake, pande zote mbili, kwa barua pepe, naomba ikome leo, na picha zilizopo zifutwe.

Dhana: Mchangiaji wa kila mwezi akikoma, amechoka nasi.

Mara nyingi hajui hata kwamba amekoma. Kadi yake imeisha muda, imepotea au imebadilishwa na benki, na muamala wa mwezi ukakataliwa kimyakimya. Visa na Mastercard zina huduma za kusasisha namba za kadi zilizohifadhiwa, lakini si kila benki inashiriki, kwa hiyo mfumo lazima ujaribu tena baada ya siku kadhaa na umtaarifu mwenyewe. Barua hiyo iwe fupi, itaje kiasi na tarehe, iwe na kiungo kimoja cha kubadilishia kadi, na itiwe sahihi na mtu ambaye mchangiaji anaweza kumjibu.